Sarafu Isiyotaka Serikali



Wengi hudhani kwamba wenye sarafu ya Bitcoin ni wacheza bahati nasibu tu. Wapo wa namna hiyo, tena si haba. Lakini sarafu hiyo ilizaliwa na itikadi, na itikadi haijibiwi kwa dhihaka.

Mwasisi wake, aliyejiita Satoshi Nakamoto, alitia katika fungu la kwanza la kumbukumbu zake, tarehe 3 Januari 2009, kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kuhusu kuokolewa kwa mabenki ya Uingereza. Hilo lilikuwa shtaka, nami nakiri lilikuwa na haki: mabenki yalicheza kamari, mlipa kodi akalipa. Tangu hapo wafuasi hufundishana wasimwamini waziri wala meneja wa benki, bali hesabu iliyoweka kikomo cha sarafu milioni 21.

Novemba 2022 kampuni ya FTX, iliyotunza sarafu za watu, ilianguka. Waliopoteza walikimbilia wapi? Mahakamani, Delaware, Marekani. Na ni mahakama ya dola iliyomhukumu mwasisi wake, Sam Bankman-Fried, kifungo cha miaka 25 mwaka 2024.

Waliotunza funguo zao wenyewe hawakupoteza hata sarafu moja katika anguko hilo, na hoja yao ni nzito. Ila akifa mmoja wao bila kumwachia mtu ufunguo, hakuna hakimu wala msimamizi wa mirathi awezaye kuifungua mali hiyo, na mjane hana wa kumwendea.