Mavi ya Chuma ni Mali, Lakini Pima Kwanza

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa nieleze kazi yangu serikalini, nami nimechagua jambo moja tu: mavi ya chuma. Naona mnacheka, kama tulivyocheka Kidato cha Pili Mwalimu wa Kemia alipolitamka neno hilo. Lakini ndilo jina lake. Ni takataka zinazoelea juu ya chuma kilichoyeyuka tanurini.

Katika tanuri kubwa la kuyeyushia mawe yenye chuma, kila tani moja ya chuma huacha takriban kilo 300 za mavi hayo. Zamani yalirundikwa yakawa vilima. Mwaka 1862 Mjerumani mmoja, Emil Langen, aligundua kwamba yakipozwa ghafula kwa maji hugeuka chembe mfano wa mchanga wa kioo. Nazo zikisagwa na kuchanganywa na chokaa, hushika kama saruji. Yakiachwa yapoe polepole huwa mawe tu, yafaayo kokoto za barabara.

Faida yake ni kubwa. Saruji ya kawaida hutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa kwa joto la digrii 1450 hivi za sentigredi, na mawe hayo yenyewe, mbali na moshi wa makaa, hutoa hewa ya ukaa. Mavi ya chuma yamekwisha kupita motoni. Kilichobaki ni kuyakausha na kuyasaga. Huko Ulaya kuna saruji halali ambayo zaidi ya nusu yake ni mavi hayo. Zege lake hukawia kukomaa, na huhitaji kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi, lakini huyastahimili vizuri maji ya bahari.

Sasa niungame. Mwaka 2011 nilikuwa ofisa katika wilaya moja. Mkandarasi aliomba kuchanganya katika zege la sakafu za madarasa mavi yaliyosagwa, kutoka kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu. Nilikuwa nimeyasoma haya ninayowaeleza, nikaona ndiyo maendeleo. Nikatia sahihi bila kupeleka hata debe moja maabara. Baada ya masika ya pili sakafu zilivimba, zikapasuka. Watoto walisomea chini ya mwembe muhula mzima. Wazee wa kijiji hawakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kumbe mavi ya vyuma chakavu si sawa na yale ya Langen. Yaweza kuwa na chokaa iliyobaki huru, ambayo ikipata maji, hata baada ya miezi mingi, hufura na kulisukuma zege.

Mwalimu wetu alizoea kutuuliza kila tushikapo chupa: “Umeipima, au umesoma kibandiko tu?” Mimi nilisoma kibandiko.

Ndugu zangu, asubuhi hii nimepita katika maabara yetu. Mizani haifanyi kazi, na bomba moja tu ndilo linalotoa maji. Vijana hawa ndio watakaotia sahihi kesho. Naomba mchango wetu wa mwaka huu uanzie pale, nami natoa wa kwanza.