Masaa 4,000: Kutafuta Dakika za Mtazamaji Tukiwa Nyamianda

Mada kwa semina ya vijana wapiga video, kartie ya Nyamianda, Uvira



Tangu mwaka 2018, YouTube haigawii chaneli pesa za matangazo mpaka ifikishe wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kuangaliwa ndani ya miezi 12. Wafuatiliaji tunawapata, kwaya moja na jamaa zake wanatosha. Tunakwama kwenye masaa. Masaa hayo ni dakika 240,000. Video ambayo watu wanaiangalia kwa wastani wa dakika 4 itahitaji kufunguliwa mara 60,000. Wakiondoka baada ya nusu dakika, itahitaji mara 480,000. Kazi yetu basi ni kumfanya mtu abaki.

Nani anaweza kubaki? Jirani yetu hapa ananunua mega za intaneti kidogokidogo, na zikikaribia kwisha anazitunzia WhatsApp. Hatuwezi kumlaumu. Mwenye nafasi na intaneti ya nyumbani ni yule aliyeondoka: watu wa Uvira na Fizi waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996, wakapelekwa Marekani, Kanada au Australia. Huyo akiliona ziwa la kwao anaita watoto waje waangalie. Tena matangazo ya huko kwa kawaida yanalipa zaidi.

Tumpe kitu cha kukaa nacho. Chukueni mfano wa ndakala, dagaa wa ziwa letu. Video nyingi zinaanza na jina la chaneli likizunguka kwa muziki, halafu salamu, halafu ombi la kujiunga. Dakika nzima imepita na samaki hajaonekana. Anzeni na wavu ukipanda usiku usio na mbalamwezi, taa zikiwaka juu ya maji, ndakala zikirukaruka. Kisha fuateni hizo ndakala mpaka asubuhi: mama anayenunua kwa beseni, anavyobishana bei, anavyozianika, anavyozifunga kwa safari ya Bukavu. Hapo dakika 12 zinajaa bila kulazimishwa. Mzee akiongea Kivira au Kifuliiru, msimkate. Wekeni maandishi ya Kiswahili chini, na mtu wa Kigoma au Nairobi atafuata pia. Siku chache baadaye, fungueni mchoro wa utazamaji ndani ya YouTube Studio. Mstari unaposhuka ghafla ndipo watu walipochoka, na kosa hilo lirekebishwe kwenye video inayofuata.

Video fupi za wima zinaita wageni, lakini zikiangaliwa kwenye ukurasa wa Shorts haziingii katika masaa 4,000. Zina mlango wake badala ya masaa hayo: kuangaliwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Kumbukeni pia kwamba miezi 12 inasogea kila siku, na masaa ya zamani yanadondoka. Habari ya mafuriko ya mto Mulongwe, kama yale ya Aprili 2020, inatazamwa sana kwa siku chache kisha inasahaulika. Kupika sombe, mazoezi ya kwaya na kutengeneza mtumbwi vinatafutwa mwaka mzima. Na msizifute wala kuzificha video za zamani, maana masaa yake yanaondoka nazo.

Atakayekuja kuwauzia masaa, mkataeni. Masaa hayo hufutwa, na chaneli inaweza kunyimwa malipo.

Mwisho, pesa zenyewe. Sehemu ya mwenye chaneli kwenye matangazo ya video ndefu ni asilimia 55, na malipo hutoka zikifika dola 100. Kabla ya kuhesabu masaa, someni orodha ya nchi ambazo YouTube inakubali kuzilipa. Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Wengi wetu huku Kongo tunaegemea akaunti ya ndugu aliye nje, katika nchi iliyomo, na hapo ndipo vijana wanapopoteza jasho lao, kwa sababu pesa zinaingia kwa mwenye akaunti. Andikeni makubaliano mapema, chaneli ikiwa bado haina kitu: mgawo wa kila mtu, nani anashika neno la siri, na nini kitafanyika mkiachana. Wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.