Kiolezo cha Barua za Wanachama



Karani mwenye haraka huifungua barua ya jana katika kompyuta, akafuta jina na kuandika jingine. Hapo ndipo kilo za kahawa za Juma hubakia katika barua ya Asha, na ugomvi wa malipo huanza. Kiolezo ni bora. Katika Microsoft Word, barua ya mfano huhifadhiwa kwa aina ya dotx. Karani aibofyapo, hupata nakala mpya, na ile ya asili haiguswi. Penye jina, namba ya uanachama na kilo huwekwa visanduku vya kujazwa, na maneno yaliyosalia hufungwa yasibadilishwe. LibreOffice, itolewayo bure, nayo ina violezo. Kilo zenyewe karani azinakili katika stakabadhi ya mizani, na mwanachama azisome kabla barua haijatiwa sahihi.