Barua Isikwame Njiani: Kuhama Sanduku la Posta

Maneno yaliyotolewa kwenye baraza la wananchi, Adu



Hapa kwetu barua haiji hadi mlangoni. Nyingi hupitia sanduku la shule, la kanisa au la jamaa aliye Malindi, 80200. Mwenye sanduku asipolipa ada ya mwaka, hufungiwa, na barua za wote hukwama. Kijana aliyeitwa kwenye usaili huja kuipata barua yake siku imeshapita.

Posta Kenya ina huduma ya MPost. Nambari ya simu ya mteja huwa ndiyo anwani yake, na barua ikifika hupata ujumbe mfupi.

Anayehama asiache sanduku la zamani siku hiyo hiyo. Kwanza aorodheshe wote wanaomwandikia: shule, benki, mwajiri, NSSF, mahakama. Kisha amwarifu kila mmoja kwa maandishi na abaki na nakala. Kwa miezi mitatu hivi amwombe mwenye ufunguo amwekee zitakazofika. Zikikoma, ndipo amshukuru na kuaga.

Jambo la mwisho: nambari ikishakuwa anwani, laini isiachwe ikafa. Nambari isiyotumika huweza kupewa mtu mwingine, na ujumbe wa barua ukaingia kwenye simu yake.

Mwenye swali aulize kaunta ya posta kabla ya kulipa, na asiondoke bila risiti.