Mavuno Hayangoji: Funzo la Shamba la Chai
Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Enguserosambu



Hapa kwetu mgeni haondoki bomani kabla hajapewa kikombe cha chai ya maziwa. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuona jinsi jani lile linavyochumwa. Leo nataka kuwaeleza kazi hiyo, maana ina funzo kwa mahindi yetu.

Nitaanza na Japani, nchi iliyolima chai kwa karne nyingi. Huko wakati wa baridi kali mchai hulala, hauchipui. Baridi ikipungua, mwishoni mwa Aprili na Mei, hutokea machipukizi ya kwanza, nayo ndiyo yenye sifa na bei kubwa. Wakulima wa Shizuoka na Kagoshima husimamisha feni juu ya nguzo ndefu, ziteremshe hewa yenye joto, ili umande ulioganda usiunguze machipukizi hayo. Siku za kuvuna zikifika, kazi nyingine zote hungoja. Watu wawili hushika mashine ya kukatia, mmoja upande huu wa mstari na mwenzake upande wa pili, na majani huingia katika mfuko mrefu. Chai bora kabisa bado huchumwa kwa mkono. Jani hutiwa mvuke siku ile ile, lisibadilike rangi. Mkulima akichelewa siku chache tu, jani huwa gumu na bei huanguka.

Katika nchi yetu, Wajerumani walipanda chai Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Sasa hulimwa pia Mufindi, Njombe na Rungwe. Mchai wetu huchipua mwaka mzima, hasa wakati wa mvua. Mchumaji huurudia mchai ule ule kila baada ya siku 7 hadi 14, akachuma majani mawili na chipukizi lake. Hashindilii majani kikapuni, kwani yakibanwa hupata joto na kuharibika. Huyaweka kivulini, kisha huyapeleka kiwandani siku hiyo hiyo. Kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu.

Wengine wataniuliza: Je, nasi tupande chai? Nasema hapana. Kwanza, chai hutaka mvua isiyokatika muda mrefu, na kiangazi chetu ni kirefu. Pili, hatuna kiwanda karibu. Tatu, mahali petu penye unyevu ni msituni, na anayekata msitu wa Enguserosambu anakata maji ya watu na ya ng'ombe.

Tusichukue mche wa chai, bali tuchukue bidii ya mchumaji. Mahindi yaliyokomaa yakiachwa shambani, hunyeshewa na kuliwa na wadudu. Yakiwekwa ghalani yakiwa mabichi, huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Basi fanyeni hivi:

1. Vuneni mara mahindi yanapokauka. Msingoje jirani aanze.

2. Anikeni juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo.

3. Yapimeni kwa chumvi. Tieni konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikiseni vizuri, kisha ngojeni dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, anikeni tena.

4. Chagueni yaliyoota ukungu, mkayatenge na kuyafukia. Msiyale, wala msiwape ng'ombe, kwa maana sumu hiyo hupita mwilini mwa ng'ombe ikaingia katika maziwa.

Na maziwa hayo, ndugu zangu, ndiyo tunayotia katika chai ya watoto wetu. Anayevuna kwa wakati na kukausha vizuri hulinda ghala lake, na hulinda pia kikombe cha mtoto wake.