Amri ya Kufa Ndani ya Seli: Kwa Nini Usikatishe Dawa ya Saratani

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

Leo tunazungumza na wewe uliyeanza dawa ya saratani ya matiti, ile ambayo wengine wetu huiita kansa ya ziwa. Tunazungumza pia na wewe unayemuuguza.

Huenda umeshatundikiwa dawa mara mbili. Nywele zinatoka, mdomo una vidonda, chakula hakipiti. Jirani anakuambia, "Dada, hizo dawa ndizo zinazokuua. Ziache." Kabla hujaamua, tusikilizane kidogo.

Mwili wako umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina amri za kuishi, na ina amri ya kufa pia. Ikiharibika, hujiua yenyewe kwa utaratibu na kuwaachia nafasi wenzake. Seli ya saratani imekaidi amri hiyo. Haifi, na inazidi kuzaana. Dawa inailazimisha itii.

Inailazimishaje? Fikiria ubao wa matangazo kwenye ofisi ya kambi. Tangazo likibandikwa, watu hulifuata. Ndani ya seli pia jeni hutoa matangazo, na protini hutengenezwa kwa kuyafuata. Lakini kuna vipande vidogo mno, viitwavyo maikro-RNA, ambavyo kazi yake ni kubandua matangazo au kuyafunika yasisomeke. Wanasayansi wawili wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walieleza kipande cha kwanza mwaka 1993, wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita 1 tu. Mwaka 2024 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa tuangalie dawa moja inayotumika sana, doksorubisini, ile ya rangi nyekundu. Ikiingia katika seli ya saratani, inajeruhi DNA, yaani kitabu cha amri zote. Mlinzi wa seli, protini iitwayo p53, huona jeraha hilo na kuamsha maikro-RNA namba 34a. Hii hubandua matangazo yanayosema "usife". Kinga ya seli ikianguka, seli hufa.

Lakini kuna maikro-RNA nyingine, namba 21, ambayo huzidi katika saratani nyingi za matiti. Yenyewe hubandua matangazo yanayosaidia seli kufa, na hivyo kuikinga dhidi ya dawa. Tena, katika baadhi ya uvimbe yule mlinzi p53 ameharibika. Ndiyo maana wagonjwa wawili hupewa dawa ileile, uvimbe wa mmoja ukanywea upesi na wa mwenzake ukakaidi. Si uchawi, wala si upungufu wa imani.

Na ndiyo maana dawa hurudiwa, mara nyingi kila baada ya wiki mbili au tatu. Dozi moja haimalizi seli zote. Zile wiki za katikati ni za kuupa mwili nafasi ya kujijenga. Ukiacha njiani, zinazobaki ni zile kaidi, nazo zitazaana. Nywele hutoka kwa sababu dawa hugusa pia seli nyingine zinazozaana haraka. Kwa kawaida nywele huota tena matibabu yakiisha.

Mtu akikuuzia "dawa ya maikro-RNA", usinunue. Mwaka 2016 jaribio la dawa iliyoiga ile namba 34a lilisimamishwa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata madhara makubwa. Utafiti unaendelea, lakini dawa ya namna hiyo ya kutibu saratani ya matiti haijafika hospitalini.

Kwa hiyo, mama, fanya haya. Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi baada ya dawa, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu kinga yako imeshuka. Kutapika kukizidi, mwambie daktari. Kuna dawa ya kukutuliza. Tarehe ya hospitali ikigongana na siku ya mgao, au kibali cha kutoka kambini kikichelewa, mwambie mapema mhudumu wa afya anayeshughulikia rufaa. Usikae kimya hadi tarehe ipite.

Na wewe jirani, badala ya kusema "acha", mchotee maji, mlindie watoto siku ya safari.

Mwenye uvimbe kwenye titi ambaye hajapimwa, awe mwanamke au mwanamume, aende wiki hii. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu: Kwa nini dozi moja haitoshi? Nani katika mtaa wenu anahitaji wa kumsindikiza?

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

(Muziki unapanda.)