Mkopo Usio na Riba ni Deni



Sheria ya mwaka 2018 yaitaka kila halmashauri, na yetu ya Mji wa Makambako ikiwemo, itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchini kote, baada ya wakaguzi kuona fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni majina matupu. Ilirudi mwaka 2024. Muda huo wote, mlipaji mwaminifu alifungiwa mlango pamoja na mkwepaji.

Wazee walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Basi sisi wa Kitandililo tulipe kwa wakati, ili jirani anayengoja naye apate mtaji.